Fundi, nani alikudanganya kwamba silikoni ni dawa ya kioo cha Impreza?

Wakuu, naandika uzi huu baada ya kuendesha kutoka Posta mpaka Kimara nikiwa nimekalia mfuko wa rambo. Ndiyo, rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, nilikuwa nao mmoja umebaki kabatini. Kiti kimelowa, bega la kulia limelowa, na pale Jangwani kwenye foleni jamaa wa bajaji alinichungulia akacheka waziwazi.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004. Najua mnaokuja na "uza hiyo, chukua Crown". Pita kimya, uzi huu si wako.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Nikifika spidi 80 nasikia filimbi kwenye kona ya kioo, karibu na sait mira ya kushoto. Mvua za masika zilipoanza, filimbi ikawa tone, na tone likawa kijito kinachoshuka mpaka miguuni kwa abiria. Nikaenda kwa fundi wa kwanza, wa mtaani. Hakufungua chochote. Alichukua tyubu ya silikoni, ile inayonuka siki, akaizungusha kwenye raba yote juu ya mlango, akasema, "Bosi, hapa hata ukizama baharini maji hayaingii." Elfu arobaini. Kesho yake asubuhi nashusha kioo nilipe maegesho, silikoni ilishagandia kioo, ikashuka na kipande cha raba. Raba ya kiwandani, imeishi miaka ishirini, imeuawa na tyubu ya duka la rangi.

Huyo nilimsamehe, kwa sababu fundi Maiko, yaani fundi wa kubahatisha, hajifichi, ukimwona tu unajua. Hasira yangu iko kwa gereji ya pili. Hii ina sofa, ina tivii, ina kijana wa mapokezi anayekuandikia jobu kadi kwa kompyuta. Nikaacha gari siku tatu. Nikalipa laki moja na themanini. Nikaambiwa raba zimebadilishwa, milango imefunguliwa na "sili zote zimefanywa upya".

Sasa sikilizeni kilichofanyika, maana nimekijua baadaye milango ilipofunguliwa mbele ya macho yangu.

Raba waliyoweka si ya Impreza. Ni ya gari lenye fremu ya kioo, imekatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa supagluu kwenye kona. Raba ya gari hili huja imeumbwa pamoja na kona zake, ukishaikata umejitengenezea mlango wa maji. Pili, ile nailoni inayobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kava la ndani la mlango waliichana na kuitupa. Na tatu, ambalo ndilo limeninyima usingizi: vitundu vya chini ya mlango, vile vya kutolea maji, vyote wameviziba kwa silikoni. Kwa umakini kabisa. Wamevifuta na kitambaa vikang'aa.

Kwa asiyejua: maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Raba inayolamba kioo pale chini haizuii yote, haikuwekwa kwa ajili hiyo. Maji yanapita, yanateleza nyuma ya ile nailoni, yanatoka kwenye vitundu. Ukizuia njia ya kutoka na ukatoa nailoni, umetengeneza tangi lenye bomba linaloelekea kwenye kapeti. Mvua ya Jumanne usiku, asubuhi nikashika breki pale Ubungo nikasikia chwaaa ndani ya mlango, kama dumu. Nilidhani naumwa.

Na kwenye Impreza hii, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inakaa miguuni kwa abiria, chini ya kapeti, nyuma ya bamba la chuma. Mnaona inakoelekea. Alhamisi taa ya cheki injini ikawaka, gari likaanza kukohoa. Tulipoinua kapeti, sponji lake lilikuwa limenyonya maji, ukilikamua unajaza ndoo. Plagi za kontroli boksi zilikuwa zimeanza kuota ukijani. Tumezisafisha, tumezikausha, gari limewaka. Nimeponea chupuchupu.

Nikarudi gereji. Meneja akaniangalia kama nimekuja kuomba nauli. "Mkuu, gari ya zamani ndivyo ilivyo. Sisi tumefanya kazi yetu." Nikamuuliza vitundu vimezibwa kwa nini. Akajibu, "Si ulisema maji yanaingia? Tumeziba yanapoingilia." Wakuu, nilikosa la kusema. Mtu anaziba choo kwa sababu nyumba inanuka. Hela hajarudisha, na raba yangu ya zamani iliyobaki anasema "ilienda na takataka".

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Ilala, anafanyia kazi chini ya mwembe, hana hata kibao. Alifunga mlango, akatoa noti ya buku, akaibana kati ya kioo na raba, akaivuta. Ilitoka bila kugusa kitu. Akaisogeza kidogo, akavuta tena, hivyohivyo mpaka mwisho wa kioo. Nyuma noti inagoma, mbele kwenye kona inateleza. "Mwanangu, raba yako ya mwanzo haikuwa na shida sana. Kioo ndicho kimelala nje."

Impreza za umbo hili hazina fremu ya kioo, zile zilizoanza kutoka 2007 ndizo zilizowekewa fremu. Subaru nyingine kama Forester za umbo la SF na SG, na Legacy mpaka umbo la BP, ni hivyohivyo. Kioo kinasimama chenyewe na kuegemea raba iliyo kwenye bodi. Kwa juu lazima kilale ndani kiasi, ili mlango ukifungwa kiibane raba. Kikilala ndani mno, kinaikata raba na mlango unakuwa mgumu kufunga. Kikilala nje, ndiyo filimbi yangu na kijito changu. Na kinalazwa nje na nani? Na abiria wako anayefunga mlango kwa kusukuma kioo kwa kiganja. Shemeji, najua unasoma humu.

Mzee alifungua kava, akalegeza bolti za mashine inayopandisha na kushusha kioo kwa spana namba 10, akakivuta kioo ndani kidogo, akapandisha kile kizuizi cha juu kinachoamua kioo kiishie wapi, akakaza, akafunga mlango, akarudia na noti. Mara sita au saba. Kisha akamwaga maji kwa chupa taratibu kuanzia chini kwenda juu, mimi nikiwa ndani na tochi. Alikataa presha ya kuoshea gari, anasema hiyo inapenya hata palipo pazima. Vitundu alivizibua kwa bisibisi. Nailoni mpya ameikata kwenye karatasi ya plastiki nzito. Elfu sitini, milango miwili.

Akaniuliza pia nani alipaka grisi ya bearing kwenye raba ya nyuma. Sijui, labda ni gereji ileile. Grisi ya mafuta huivimbisha raba ya namna hii na kuilegeza. Kama unataka kuilainisha tafuta grisi ya silikoni, ya kupaka, siyo ile ya tyubu inayoganda. Ile yenye harufu ya siki ikikuta bati liko wazi inalianzishia kutu, na mimi tayari nina kidonda cha kutu chini ya mlango.

Bado kona ya mlango wa dereva inadondosha tone moja moja, kwa sababu ya ile raba ya supagluu. Ndiyo iliyonikalisha kwenye rambo leo. Impreza ilichukua mashindano ya Safari Rally Kenya 1997 na dereva McRae, ikachukua tena 2000 na dereva Burns, yangu inashindwa na manyunyu ya Kimara.

Kwa hiyo naomba: mwenye raba nzima za milango ya mbele, za umbo la GD kama langu, zisizokatwa, hata mtumba, njoo PM na picha za kona zote. Kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani nimezunguka wiki nzima naletewa za Corolla na kuapiwa kwa Mungu zinaingia.

Kapeti liko kwenye kamba ya nguo uani, leo siku ya nne, bado linachuruzika. Mama mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ni godoro la nani.