Mrejesho: kile kipanya kilichokuwa kinakunywa maji

Wakuu, niliwauliza juzi kuhusu kipanya changu cha zamani, yaani kibasi kidogo cha abiria, kinamaliza lita nzima ya kulanti (maji ya kupozea injini) kila siku mbili na chini hakidondoshi hata tone, wengi mkasema gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini. Wapi! Fundi kapampu presha kwenye rejeta injini ikiwa ya baridi, mshale wa geji ukawa unashuka taratibu, maana yake kuna mahali panavuja, tukanyanyua siti maana injini iko chini yake, tukamulika na tochi ya simu, kumbe wota pampu bwana, ile ya kuzungusha maji kwenye injini, kile kitundu chake cha chini kina ukoko mweupe kama chumvi, inavuja kidogo kidogo inakaukia hapohapo kwenye moto. Nimefunga mpya na fenibelti, jana nimeenda Moro nikarudi Dar maji yako palepale. Fundi wa kwanza alishanipigia hesabu ya kufumua hedi aisee.