Mliovishwa jino kofia, tupeane uzoefu: siku za mwanzo mliishije?

Mtu wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimetoka kwa daktari wa meno, gego la chini kushoto. Lilishatibiwa mzizi zamani, likaanza kumeguka pembeni, nikashauriwa livishwe kofia, hiyo wanayoiita krauni. Limechongwa, kipimo kimechukuliwa, nimewekewa ya muda wakati yenyewe inatengenezwa maabara. Kwenye daladala konda ananiuliza nashuka wapi, namjibu kama mtoto anayejifunza kuongea. Sasa ganzi inaachia na ufizi unawaka moto.

Mliopitia hii kitu: mlikula nini, mlilalaje, na mlijuaje kwamba haya ni maumivu ya kawaida? Ushauri wa "ng'oa tu uachane nalo" naomba mniachie, nimeshapewa wa kutosha nyumbani.

Mama Lishe Temeke
Pole baba. Kwanza usitafune kitu mpaka ganzi iishe kabisa, huwa ni saa mbili hadi nne hivi. Shemeji yangu alitoka huko akapitia chipsi kavu, kumbe anatafuna na shavu lake mwenyewe. Kile kidonda kilimtesa kuliko jino.

Ganzi ikiisha kula mtori, viazi vya kuponda, wali na mchuzi wa samaki, uji uliopoa. Tafunia upande wa pili. Kashata na kahawa za jioni weka kando kwanza, na ubuyu, na bigijii. Hiyo ya muda wanaishika kwa gundi nyepesi makusudi, ili daktari aitoe bila shida, kwa hiyo kitu cha kunata kinaondoka nayo.

Feri Asubuhi
Mimi ya muda ilinitoka kwenye mihogo ya Coco Beach, pilipili juu. Nikaiokota, nikaisuuza, nikaifunga kwenye karatasi, nikampigia daktari. Kuna jamaa kijiweni akanishauri niibandike na gundi ya viatu!! Jamani, hapana. Na usilale na kofia inayocheza mdomoni, unaweza kuimeza au ikakupitia njia ya hewa. Wala usikae bila kofia ukisema utaenda mwisho wa mwezi. Meno ya jirani yanasogea, halafu ile ya kudumu inakuja haiingii.

Dada wa Sinza
Kwenye uzi wa meno: karibu na kofia ya muda usiuvute kwenda juu, uchomoe kwa pembeni. Kupiga mswaki unaendelea kama kawaida, taratibu kwenye ufizi. Watu wanaacha kabisa kwa kuogopa, uchafu unakaa pale pale palipochongwa, halafu ufizi unavimba.

Maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi yalinisaidia sana, unasukutua na kutema. Mafuta ya karafuu yale makali usiyamwage moja kwa moja kwenye ufizi, yanaunguza. Panado inatosha wengi. Ibuprofeni kunywa ukiwa umekula, na mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito amuulize daktari kwanza. Na hiyo tabia yetu ya kwenda duka la dawa kununua amoksilini kwa sababu jino linauma, tuiache, maumivu ya kuchongwa hayatibiwi na antibayotiki.

Kimara Mwisho
Mkuu, yangu isome vizuri, maana hili ndilo watu wengi wanavumilia bure.

Siku ya kuwekewa ile ya kudumu, daktari alinipa karatasi nyembamba ya bluu niume. Nikauma, nikasema iko sawa. Lakini mdomo una ganzi, utajuaje? Usiku nikifunga mdomo, jino lile linagusa la juu kabla ya mengine yote. Kitu kidogo kama punje ya mchanga, ila kila nikimeza mate nalisikia. Kufika asubuhi siwezi hata kuuma mkate. Ofisini kila mtu ananiambia "litazoea". Halizoei, mkuu. Nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa zinapigwa kila unapouma, ndiyo maana linauma hata kama mzizi ulishatibiwa.

Nikarudi. Karatasi ile ile, nikauma, likatokea doa moja kubwa la bluu juu ya kofia. Akalisugua kidogo na mashine, bila sindano, nikauma tena, akasugua tena. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Mchana nilikula wali nyama, upande huo huo.

Jino la Dhahabu
Bibi yangu Kariakoo alikuwa na la dhahabu mbele, hatukuwahi kumsikia akilalamika. Ila yule hakulalamikia kitu chochote.

Dada wa Sinza
@Mtu wa Mbagala, nimesahau moja. Kwa jino ambalo mshipa bado uko hai, maji ya baridi kushtua kwa siku kadhaa hata wiki mbili ni kawaida. La kwako lilitibiwa mzizi, mshipa ulishatolewa, kwa hiyo maji ya friji yakikusumbua angalia ufizi au jino la jirani. Ukiona uvimbe, usaha, homa, au maumivu yanayodunda na kukuamsha usiku, hapo rudi haraka.

Mtu wa Mbagala (mleta mada)
Asanteni sana wadau. Nimekula mtori, nimemeza panado, kumetulia. Ila tangu nimesoma ya Kimara Mwisho nagonganisha meno kila saa, na naona kama inawahi kugusa. Mkuu, ulipanga miadi au ulienda tu?

Kimara Mwisho
Nilipiga simu nikasema "inagusa mapema", wakanipenyeza kati ya wagonjwa. Wahi asubuhi kabla foleni haijajaa. Na ukifika useme wazi unapouma unasikia wapi, usiseme tu linauma.