Sisi tulichapwa tukaambiwa ni malezi. Na watoto wetu je?

MamaTunu: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa darasa la nne karudi leo kiganja kimevimba, kalamu haishikiki. Kakosa hesabu sita kati ya kumi, kila kosa fimbo moja. Nilipomkanda kwa maji ya chumvi alikuwa ananikodolea macho, anapima kama na mimi nitamgombeza. Hilo limeniuma kuliko uvimbe wenyewe.

Mama yangu anasema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Na kweli, mwaka 1991 nilichapwa fimbo za mpera kwa kuchelewa namba ya asubuhi shuleni, nikifika nyumbani naongezwa. Hakuna aliyeita ukatili. Neno hilo lilikuwa la majambazi. Leo nalisikia redioni kila siku, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Nimekuwa laini, au ndiyo macho yamefunguka?

MwalimuMstaafu: Pole sana mama. Nimefundisha miaka 31 na nimechapa wengi, nasema haya kwa uchungu. Kanuni za shule za Tanzania Bara zinaruhusu viboko, lakini visizidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Kaombe kukiona hicho kitabu. Mimi niliweka fimbo chini mwaka 2018, mwanafunzi alipofariki kule Bukoba baada ya kuchapwa na mwalimu.

Mlikoni: Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nikiwa darasa la sita. Fimbo ikaondoka ofisini, ukaja mpira wa maji. Sheria ilitutangulia mbali. Ila nimeona jambo moja: sisi tulikuwa tunasema "nimechapwa", basi, aliyechapa hatajwi. Mwanangu anasema "mwalimu amenipiga." Ana mtendaji, na anajua ana pa kulisema.

MamaTunu: Mlikoni, umenigusa. Tunu naye kasema "nimechapwa", na akaongeza "ni kosa langu". Mwalimu, asante, kesho saa mbili niko kwa mkuu wa shule, na kitabu nitakiomba. Najua darasa lao lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, sitaenda kugombana. Mama bado hakubaliani nami, ingawa ndiye anayemkanda mkono sasa hivi.