Mliowahi kuangalia gwaride la samba Brazil, tupeane uzoefu

Mzee wa Tabata
Wakuu salaam. Kila kanivali ya Rio ikikaribia, kwenye magrupu yetu inazunguka picha ileile ya dada mwenye manyoya mgongoni na nguo kiduchu. Watu wanacheka, wanasambaza, imeisha. Waliokaa kwenye lile jukwaa mpaka alfajiri wanajua kuwa ile ni ligi, tena ligi yenye kushuka daraja. Mlioshuhudia mwageni hapa. Naanza mimi.

Sambódromo ni barabara yenye urefu wa mita kama 700, majukwaa ya zege huku na huku. Aliichora Oscar Niemeyer, ikafunguliwa 1984. Shule za samba (ni vikundi vya mitaani vinavyoshindana, si shule za masomo) za daraja la juu ziko 12, na tangu 2025 zinapita usiku wa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, nne nne. Kila shule ina mada yake ya mwaka, wimbo wake mpya, magari makubwa yaliyopambwa, na watu kwa maelfu wanaotakiwa wawe wametokea upande wa pili kabla muda haujaisha. Ukizidisha, unakatwa pointi.

Kilichonimaliza ni wapiga ngoma. Wanazidi mia mbili, wanapiga huku wanatembea, halafu katikati ya safari wanakunja kona kuingia kwenye kichochoro kilichoachwa pembeni ili wenzao wapite, na pigo haliyumbi. Nilikuwa nimekaa jirani na kichochoro hicho. Kiongozi wao akainua mikono, ngoma zote kimya, jukwaa zima likaendelea kuimba lenyewe. Kisha surdo, zile ngoma kubwa, zikarudi kwa pamoja. Zege nililokalia lilitetemeka. Baba mmoja wa makamo pembeni yangu alikuwa anabubujikwa machozi na kopo la bia mkononi, wala hajali nani anamtazama.

Kiroboto
Mkuu usituzuge, kwa hiyo hao wenye nguo kiduchu hawapo?

Mzee wa Tabata
Wapo. Lakini kwa kila mmoja kuna mamia waliofunikwa kuanzia utosini mpaka unyayoni, mavazi mazito, na joto la Rio msimu ule si mchezo. Kamera ndiyo inayochagua imuonyeshe nani.

Binti Mvita
Mie nilikata tiketi ya huko mwisho, karibu na Apoteose, ule uwanja gwaride linapoishia, kwa sababu ndizo za bei nafuu. Watu watakwambia huko huoni kitu, gwaride lishachoka. Mie naona ndiko kutamu.

Kuna kundi la akina mama waitwao baianas, na kila shule lazima iwe nalo. Ni heshima kwa wanawake waliohamia Rio kutoka jimbo la Bahia, akina Tia Ciata, ambao nyumba zao maeneo ya Praça Onze ndizo zilizoilea samba ilipokuwa inasumbuliwa na polisi. Wengi ni watu wazima, rika la nyanya yangu, na sketi zao zimetanuliwa kwa duara za waya. Wanazunguka nazo njia nzima huku wanaimba. Nilimwona mmoja baada ya kumaliza: akashika uzio, akavua kilemba, akavua viatu, kijana mmoja akamuinulia ile sketi apate kukaa. Hakukaa hata dakika mbili. Gari la mwisho la shule yake lilipotokea, huyo kasimama tena anapunga.

Jangwani Ughaibuni
Nipo São Paulo kikazi. Huku gwaride lao liko Anhembi, Ijumaa na Jumamosi, na watu wa Rio wanalidharau sana, msiwasikilize. Huku baadhi ya shule ni za mashabiki wa mpira kabisa: Gaviões da Fiel ni wa Corinthians, Mancha Verde ni wa Palmeiras. Vuta picha Msimbazi na Jangwani wanapimana ubavu kwa ngoma na mavazi, na majaji wamekaa. Mwenyeji wangu alinikataza kuvaa kijani, rangi ya Palmeiras, siku ya Gaviões. Nilitii.

Mama Naima
Kwa sisi tusio na hela: wiki za kabla ya kanivali shule zinafanya mazoezi palepale Sambódromo, kuingia bure. Magari hakuna, mavazi kamili hakuna, ila ngoma na nyimbo ni zilezile. Huko ndiko nilikoiona cuíca kwa karibu. Ni ngoma ndogo. Mpigaji anapitisha mkono kwa ndani na kitambaa kibichi, anasugua kijiti kilichofungwa katikati ya ngozi, mkono wa pili unabonyeza ngozi kwa nje. Mara inakoroma, mara inalalama.

Na msisahau mada. Mangueira walibeba ubingwa 2019 kwa kuwaimba Weusi na Waindio, wenyeji wa asili, ambao vitabu vya darasani viliwaruka. Viradouro 2024 walishinda na nyoka mtakatifu wa Dahomey, Benin ya leo. Mwafrika ukiona hivyo unakaa vizuri kwenye kiti.

Mzee wa Tabata
Umenena dada. Na atakayekuwepo asiondoke kabla ya Jumatano ya Majivu. Siku hiyo alama zinasomwa moja moja kwenye TV, zote kati ya 9 na 10 kwa desimali. Mimi niliangalia kwenye baa. Ikisomwa 10, baa inalipuka. Ikisomwa 9.8, watu wanashika vichwa na kumtukana jaji kwa jina. Mbeba bendera wa shule bendera ikimviringika mwilini tu, hiyo ni alama imeondoka. Mwaka mzima wa kushona, na mnazidiwa kwa sehemu ya kumi!

Kiroboto
Haya nimenyoosha mikono. Nikienda nijiandae vipi?

Binti Mvita
Chanja homa ya manjano mapema na uitunze ile kadi, wanaweza kukuuliza ukirudi nyumbani. Tiketi yako ikiwa ya sekta namba shufwa, shuka metro Praça Onze. Namba witiri, shuka Central. Ukikosea utazunguka mtaa mzima kwa miguu. Simu weka mfuko wa mbele. Na shule moja ikipita usikimbilie chooni, subiri wafagiaji wa manispaa wenye sare za rangi ya chungwa. Mmoja wao, Renato Sorriso, alicheza samba na fagio lake hapo mpaka wakampeleka London kwenye kufunga Olimpiki ya 2012.