Kufuta vidakuzi vya tovuti ya benki pekee

Swali: Ndugu zangu, kompyuta ninayoitumia kuingia kwenye akaunti yangu ya benki hutumiwa pia na wenzangu wawili. Je, nikifuta vidakuzi vya benki (faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kompyuta ili imtambue mtumiaji) kila ninapomaliza nitakuwa salama, au ni lazima nifute vya tovuti zote?

Jibu la kwanza: Hakuna haja ya kufuta vyote. Katika kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kama Chrome, Edge au Firefox, fungua mipangilio ya faragha, tafuta data za tovuti, andika anwani ya benki, kisha ufute vyake tu. Huenda ukaombwa namba ya uthibitisho utakapoingia tena, kwa kuwa kidakuzi kilichokitambulisha kifaa chako kitakuwa kimeondoka.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau, nalo hunitia wasiwasi sana: kufuta kidakuzi huondoa nakala iliyo kwenye kompyuta tu, ilhali kipindi ulichokifungua ulipoingia kwenye akaunti huweza kubaki hai kwenye seva, yaani kompyuta ya benki, mpaka muda wake uishe, kwa hiyo bonyeza kwanza kitufe cha kutoka, ndipo ufute. Nywila iliyohifadhiwa na kivinjari, nayo, haifutiki pamoja na vidakuzi.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeikuta nywila yangu bado imehifadhiwa, nami nimeiondoa.