Siku ya mwisho ya mbio za baiskeli za Tour de France: saa au kundi?

Wa Wete: Asalaam aleikum. Mie nataka siku ya mwisho kila mtu aondoke peke yake, ashindane na saa. Mwaka 1989 siku ya mwisho ilikuwa hivyo, Versailles hadi Paris, kilomita 24.5, na LeMond alimpiku Fignon kwa sekunde 8 katika muda wa jumla wa mbio zote. Sekunde 8! Mnyororo ukichomoka huwahi hata kuurejesha. Mwaonaje?

Wa Jang'ombe: Waaleikum salaam. Sikubali, kaka. Mmoja mmoja, utamu wa kundi hupotea. 2025 walipandishwa kilima cha Montmartre, mlemle Paris, mara tatu, mvua inanyesha, mawe yanateleza, Van Aert akamwacha Pogačar palepale kilimani. Ndiyo njia hiyo!

Wa Wete: Lakini muda wa jumla ulishafungwa kwa ajili ya mvua. Jezi ya njano, ya anayeongoza mbio zote, haikuguswa.

Wa Chake: Nyote mwasahau vilima vifupi. Mlima mrefu kama Alpe d'Huez una kona 21, lakini mtu hupata mwendo wake akatulia. Kilima kifupi kikifuatwa na kingine, mapaja huwaka moto. Nakijua hicho, Chake hadi Wete kwa njia ya zamani, ndoo ya pweza imefungwa nyuma kwa mpira. Watiwe vilima vitano mfululizo, tena karibu na mwisho.