Msaada wa haraka: mtoto kanywa thina ya fundi rangi, tumpe maziwa?

Wakuu, nisaidieni. Mtoto wa dada yangu, miaka 3, amekunywa thina. Fundi rangi aliimimina kwenye chupa ya maji akaiacha sakafuni pembeni ya brashi. Sijui kanywa kiasi gani, nyingine imelowanisha shati. Alikohoa sana, sasa katulia ila mdomo unanuka thina. Bibi yake anasema tumpe maziwa kisha tumtapishe kwa kidole. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Msimtapishe! Na maziwa acheni. Hatari kubwa ya thina ni kuingia mapafuni, na akitapika inapanda tena kooni na kuteleza kwenye njia ya hewa. Kule kukohoa kunaonyesha huenda imeshaingia kidogo, kwa hiyo kutulia kwake kusiwadanganye. Mvueni shati, mwosheni haraka kwa sabuni na maji mengi, mbali na moto, kisha hospitali. Akitapika mwenyewe, mwinamisheni mbele.

Fundi Brashi: Ndugu, bebeni ile chupa pamoja na kopo lenyewe lenye lebo. Thina hazifanani. Zipo zenye methanoli (aina ya pombe yenye sumu), na hiyo ina matibabu yake. Kopo lisipoonekana, mpigieni fundi awaambie alitumia ipi. Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, thina haiwekwi kwenye chupa ya maji hata kwa dakika 5!

Mleta uzi: Asanteni, tuko njiani na kopo tunalo. Anapumua harakaharaka na anasinzia.

Nesi wa Zamu: Mkalisheni wima, asile wala kunywa chochote. Mfunueni kifua mtazame: nyama ya katikati ya mbavu ikibonyea kila akivuta pumzi, au midomo ikiwa ya bluu, msikae foleni, semeni mlangoni kwamba mtoto kanywa thina na hapumui vizuri. Akizimia, mlazeni ubavu. Akiacha kupumua, mpulizieni hewa na kumkandamiza kifua.

Mleta uzi: Tumefika, kawekewa oksijeni. Picha ya kifua imetoka safi. Shemeji anauliza kama tunaweza kurudi naye usiku huu.

Nesi wa Zamu: Hapana, mwambie shemeji avumilie. Picha ya mapema inaweza kuwa safi huku mapafu yakiendelea kuvimba. Hata mtoto asiye na dalili yoyote huangaliwa angalau saa 6, na huyu wenu dalili anazo. Homa ikipanda usiku msishtuke, ila mwiteni nesi wa wodi.